Usione Vyaelea

Siku yetu ya kwanza darasani, mhadhiri wetu wa Kiswahili alitutaka kila mmoja asimame, ajitambulishe na ataje jambo moja litakalotufanya tumkumbuke. Mmoja alisema anatoka Gulu na anajua kucheza bwola. Mwingine alisema ana pacha anayesoma udaktari. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Mimi ni mtoto wa ziwa. Nimezaliwa Bunyonyi na nimekulia ndani ya mtumbwi." Darasa zima lilipiga makofi. Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Mtoto wa Ziwa, na wapo ambao mpaka leo hawalijui jina langu.

Sasa niko mwaka wa tatu, na naona umefika wakati wa kukiri. Ni kweli nilizaliwa Bunyonyi. Lakini siku ile nilipojisifu, nilikuwa sijawahi kupiga kafi peke yangu hata mita 50. Nilipelekwa shule ya bweni mjini nikiwa na miaka 11, na kila niliporudi likizo nilikaa katikati ya mtumbwi kama gunia la viazi, wengine wakinivusha. Tena sikujua kuogelea. Insha hii inaeleza jinsi nilivyojaribu kuugeuza uongo ule kuwa kweli, na nani aliyelipa gharama yake.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, Ziwa Bunyonyi liko kusini magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Kabale na Rubanda, si mbali na mpaka wa Rwanda. Ni ziwa la milimani: uso wake uko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari. Zamani sana lava ya volkano iliziba bonde, maji yakajaa katikati ya vilima, na vilele vya baadhi ya vilima vikabaki kuwa visiwa. Leo tunahesabu visiwa 29. Jina Bunyonyi kwa Rukiga lina maana ya mahali pa ndege wadogo wengi. Miteremko yote imechongwa matuta ya viazi, mtama na maharagwe, na asubuhi ukungu hulala juu ya maji hata usiuone mkono wako ukiunyoosha.

Wageni hulipenda kwa sababu halina mamba wala viboko. Wao huja kuogelea na kupiga picha. Kwetu sisi ziwa ni barabara. Watoto huenda shule kwa mtumbwi, akina mama hupeleka mtama sokoni Rutinda kwa mtumbwi, na mtu wa kisiwani akifariki, jeneza lake nalo huvuka kwa mtumbwi. Mtumbwi wenyewe ni gogo moja la mkaratusi lililochongwa kwa shoka na tezo mpaka likawa na tumbo. Waswahili walisema kweli waliposema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Mimi methali hiyo niliikariri sekondari kwa ajili ya mtihani. Maana yake niliipata baadaye.

Wenzangu wanaotoka kando ya Ziwa Viktoria huniuliza tunavua nini. Sangara hatuna. Tunao kambare wadogo, na tunao kamba. Hapa lazima nifafanue, kwa sababu vitabu vyetu vingi vimeandikwa na watu wa pwani na kamba wao ni wa bahari. Wetu ni wa maji baridi: ana rangi nyekundu iliyoiva kuelekea nyeusi, urefu wa kiganja hivi, na magando mawili mbele ambayo yakikubana kidole utalitaja jina la mama yako. Naye si mwenyeji. Asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Aliletwa Uganda miaka ya 1960, na mwaka 1970 akaingizwa pia katika Ziwa Naivasha nchini Kenya. Wazee wetu hapo mwanzo walimwona kama mdudu, wakawaachia fisi maji wamle. Siku hizi hoteli za wageni kando ya ziwa humtafuta, na hivyo mdudu yule amegeuka ada ya shule. Mimi ni mmoja wa waliosomeshwa naye.

Aliyenisomesha hasa ni babu yangu mzaa mama, ambaye kwetu tunamwita Shwenkuru. Mama alitulea peke yake, mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa kuuza mtama na viazi. Kila muhula pesa zilipopungua, Shwenkuru aliongeza migono. Mgono ni mtego wa kikapu wenye mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Kamba huingia akifuata chambo, halafu hakumbuki alikoingilia. Mgono huzamishwa jioni, kwa kuwa kamba hutembea usiku, na huinuliwa alfajiri. Kila mmoja hufungwa kamba, ile ya kufungia, na juu yake huelea chupa ya plastiki badala ya boya. Siku nilipomwambia Shwenkuru kwamba kwa Kiswahili mnyama na uzi unaomtoa majini vina jina moja, alicheka kwa mara ya kwanza kuhusu lugha hii. Lakini hilo nitalifikia.

Nilirudi nyumbani likizo ndefu ya mwaka wa pili, mwezi wa Juni, baada ya safari ya basi ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala. Nilimkuta Shwenkuru ameketi mlangoni saa tatu asubuhi. Kwa mtu kama yeye, kuketi mlangoni saa tatu asubuhi ni habari mbaya. Bega lake la kulia lilikuwa limekufa ganzi tangu Aprili, akiinua mkono haufiki sikioni. Migono 24 ilikuwa imepangwa nyuma ya nyumba, mikavu, buibui wametanda ndani yake. Mtumbwi ulikuwa umepakiwa kwenye matete.

Jioni mama aliniambia yaliyobaki. Ada yangu ilikuwa na deni la shilingi 640,000, na bila kulimaliza nisingeruhusiwa kufanya mitihani ya muhula uliofuata. Kulikuwa pia na hoteli moja ng'ambo iliyotaka kuununua mtumbwi wa Shwenkuru kwa shilingi 300,000. Hawakuutaka kwa ajili ya maji. Walitaka kuuweka langoni, waujaze udongo, wapande maua.

Sikulala. Mtumbwi ule Shwenkuru aliuchonga mwaka niliozaliwa, yeye na marehemu kaka yake, kutoka mkaratusi uliokuwa nyuma ya nyumba yetu. Asubuhi nilimfuata nikamwambia asiuze. Nilimwambia migono nitaizamisha mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Wewe unajua kupiga kafi?"

Nilimjibu, "Nitajua."

Akasema, "Sijakuuliza kesho. Nimekuuliza leo."

Msomaji, kama hujawahi kuuendesha mtumbwi wa gogo, usidhani ni sawa na ile mitumbwi ya plastiki ya watalii, myepesi na iliyonyooka kama mshale. Gogo halina pande mbili zinazolingana. Kila mtumbwi una tabia yake, mmoja huvuta kushoto, mwingine kulia, na ukipiga kafi kwa nguvu bila maarifa, unazunguka. Wageni wengi huzunguka hivyo, na watoto wa kwetu hukaa ufukweni kuwacheka. Siku yangu ya kwanza walinicheka mimi. Nilizunguka mara nne mbele ya kina mama waliokuwa wakifua, na mmoja akapaza sauti, "Mzungu wetu amerudi!"

Shwenkuru aliketi mbele, bega lake limefungwa kitambaa, uso wake umenielekea. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye tezi. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alisema, "Unapigana nao. Acha kupigana." Kisha akanionyesha kwa mkono wa kushoto: vuta kafi karibu na ubavu, na mwisho wa kuvuta ugeuze bapa lake kwa nje, ulishikilie ndani ya maji kidogo kama usukani, ndipo uinue. Mtumbwi haunyooki wenyewe. Unaunyoosha wewe kila unapopiga, na ukisahau mara moja utaona mlima uliokuwa mbele yako umehamia ubavuni.

Ilinichukua siku sita kuvuka ghuba bila kuzunguka. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Siku ya saba tulizamisha migono kumi, na ya nane alfajiri tukainua kamba wa kujaza nusu ndoo. Sijawahi kupata alama zozote chuoni zilizonifurahisha kama ile nusu ndoo.

Asubuhi zile tulizungumza mambo mengi. Nayaandika hapa kwa Kiswahili, ingawa yalisemwa kwa Rukiga. Siku moja aliniuliza, kwa upole wa mtu anayegusa kidonda, kwa nini nilichagua kusoma Kiswahili. Nilimweleza kwamba ni lugha ya Afrika Mashariki nzima, kwamba tangu mwaka 2005 katiba yetu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, kwamba walimu watahitajika. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Na mimi najua Kiswahili." Akakaa wima, akabadilisha sauti, akatamka: "Simama! Toa kitambulisho! Lala chini!"

Sauti ile ilinigonga kama kofi. Haikuwa sauti yake. Alinieleza kwamba wakati wa utawala wa Idi Amin, akiwa kijana, alisafiri kwenda Kampala kutafuta kazi, na kwenye kizuizi kimoja njiani askari walimteremsha yeye na abiria wengine. Maneno yale matatu ndiyo aliyoyasikia, na yalipochelewa kueleweka yalisindikizwa na kitako cha bunduki. Wawili kati ya walioteremshwa hawakurudi ndani ya gari. "Hicho ndicho Kiswahili changu," alisema. "Serikali inaweza kukifanya rasmi. Haiwezi kukifanya kizuri masikioni mwangu."

Nilitaka kumjibu kwa mambo niliyofundishwa, kuhusu mashairi, kuhusu Mwalimu Nyerere, kuhusu biashara. Nikayaona yote ni mepesi mno kuyaweka mbele ya kitako cha bunduki. Nikapiga kafi kimya. Tulipofika kwenye boya la kwanza ndipo nikamwambia kuhusu kamba na kamba. Akacheka, akasema, "Basi waliotunga lugha hiyo nao walikuwa wavuvi." Tangu hapo kila asubuhi nilimpa neno moja, na sikumpa neno lolote la amri. Nilimpa asante. Nilimpa karibu. Nilimpa pole, nikamweleza kwamba si kuomba msamaha, ni kumwambia mtu kwamba umeuona uchungu wake hata kama si wewe uliyemuumiza. Aliyasikiliza, lakini hakuyatamka hata moja.

Wiki ya nne aliniacha niende peke yangu. Alinipa masharti matatu. La kwanza, nirudi kabla ya saa nne, kwa sababu mwezi wa Julai upepo huamka mchana na hauombi ruhusa. La pili, nisipakie migono mingi kuliko kumi kwa safari moja. La tatu alilirudia mara mbili: "Ukipinduka, usiuache mtumbwi. Mti hauzami. Anayezama ni yule anayeuacha akitafuta nchi kavu."

Mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Kufikia wiki ya sita nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 235,000. Nilianza kupiga hesabu nikiwa kitandani. Nikizamisha migono yote 24 mbali zaidi, karibu na kisiwa ambako kamba ni wakubwa, deni lingeisha na mtumbwi ungebaki. Hesabu za kitandani hazina upepo ndani yake.

Siku hiyo niliondoka kwa kuchelewa, kwa kuwa usiku niliwasaidia kazi za nyumbani. Nilifika kisiwani jua limeshapanda. Nilipaswa kuinua migono kumi na kurudi, lakini kila mmoja ulikuwa mzito kuliko uliotangulia, na nikasema moyoni, "Mmoja tu zaidi." Nilisema hivyo mara tano. Migono 15 ilikuwa imerundikana mbele yangu, inachuruzika maji, na mdomo wa mtumbwi ulikuwa umebakiza upana wa vidole vinne juu ya ziwa. Nilijua nimelivunja sharti la kwanza na la pili. Nilijiambia kwamba mzee ana woga wa wazee.

Upepo ulinikuta katikati. Kwanza maji yalibadilika rangi, kisha yakaanza kujikunja. Wimbi moja liliingia kwa ubavu, likajaza tumbo la mtumbwi. Nikaegemea upande wa pili ili nisawazishe, na migono ikaegemea pamoja nami. Haikuchukua muda hata wa kupiga yowe. Nilijikuta ndani ya maji, baridi imeniziba pumzi, migono inazama mmoja baada ya mwingine kama watu wanaoshuka ngazi.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuuacha mtumbwi. Niliona ufuko, ukaonekana karibu, nikarusha mikono kuufuata. Nilimeza maji. Nilipoibuka nilimsikia Shwenkuru kichwani akilirudia sharti la tatu kwa mara ya pili, nikageuka, nikaushika ubavu wa gogo kwa kucha. Ulikuwa umefunikwa, umejaa maji, lakini haukuzama. Nilijilaza juu yake, kidevu changu sawa na ziwa, nikakaa hivyo. Sijui ni dakika ngapi. Najua kwamba niliwaza juu ya wenzangu darasani wakisoma tangazo ubaoni: Mtoto wa Ziwa amekufa ziwani, hakujua kuogelea.

Waliokuja ni watoto watatu waliovaa sare, wanarudi nyumbani kwao kisiwani kutoka shule. Mkubwa wao hakuzidi miaka 12. Nilipouona mtumbwi wao nilinyoosha mikono nipande, na yule mkubwa, msichana, akanifokea, "Usipande! Utatupindua! Shika nyuma, ukae kimya!" Nilitii. Nilishika tezi yao, wakapiga kafi polepole, mmoja akiimba ili waende pamoja, nami nikiburutwa nyuma kama mgono wa 25. Mtoto yule angenihurumia kwa namna nyingine, sote wanne tungekwenda chini. Siku hiyo nilijifunza kwamba hata amri inaweza kuwa huruma, ikitoka kwa mtu anayetaka ufike.

Habari hutangulia mtumbwi. Waliponifikisha ng'ambo, nilimkuta Shwenkuru amesimama majini mpaka magotini, mkono wa kushoto umeshikilia bega la kulia. Nilitetemeka kwa baridi, na zaidi kwa aibu. Nilikuwa nimepoteza migono 15, kafi lake, na mtumbwi ulikuwa unaelea mahali nisipopaona. Nilianza kusema, "Shwenkuru, nisamehe, nilivunja..." Hakuniacha nimalize. Alinivika koti lake, akaniangalia usoni, akasema neno moja kwa Kiswahili.

"Pole."

Alilitamka vibaya kidogo, akivuta silabi ya mwisho kama Mkiga. Hakuna mhadhiri ambaye angelisahihisha.

Mtumbwi uliokotwa kesho yake kwenye matete ya ghuba ya pili, mzima, isipokuwa kiraka cha bati kilichokuwa kimelegea. Nilidhani Shwenkuru atanipa muda nipumzike kisha tuanze tena. Badala yake alimwita mama, akatuketisha, akasema ameshapeleka ujumbe hotelini. Nililia. Nilisema nitajifunza kuogelea, nitafuata masharti yote, nitatengeneza migono mipya. Akasubiri nimalize, kama kawaida yake.

"Mtumbwi huu niliuunda mwaka uliozaliwa wewe," alisema. "Niliuunda uvushe watu. Basi, na ukuvushe na wewe."

Mwezi wa Agosti nililipa ada yangu. Shilingi 235,000 zilitoka kwa kamba, 300,000 zilitoka kwa mtumbwi, na 105,000 mama alikopa katika kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Nimeziandika hesabu hizi makusudi. Chuoni tunaandika mara nyingi kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, lakini hatuandiki ufunguo huo umechongwa kutoka mti gani.

Disemba nilipita kwenye hoteli ile. Mtumbwi uko kushoto mwa lango, umejazwa udongo, maua mekundu na meupe yamefurika mpaka nje. Ni mazuri, siwezi kudanganya. Wageni walikuwa wakipiga picha kando yake. Niliinama nikatazama chini ya majani: kiraka cha bati kipo, na alama za tezo zipo, mstari mmoja mmoja, zile za Shwenkuru zikielekea huku na za kaka yake zikielekea kule, kwa sababu alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Mlinzi alinijia akaniuliza kwa adabu kama mimi ni mgeni wao. Nilimjibu hapana, nilikuwa napita tu.

Nyumbani Shwenkuru alinipokea kwa "Karibu", halafu akaongeza "Habari za safari", maneno ambayo sikumfundisha mimi. Aliyapata redioni. Bega lake halijapona. Huwafundisha watoto wa jirani kusuka migono, na yule msichana wa sare, ambaye sasa huja kila Jumamosi, anazamisha minane kwa mtumbwi wa baba yake. Kwa pesa kidogo zilizonibakia kutoka kazi ya kuchapa maandishi chuoni, nilimnunulia mdogo wangu jaketi okozi la kuvaa akivuka kwenda shule. Wenzake walimcheka wiki nzima. Nilimwambia aendelee kuvaa, wenzake walinicheka na mimi.

Mimi mwenyewe Jumamosi mbili kila mwezi naenda kwenye bwawa moja hapa mjini kujifunza kuogelea. Nimeshaweza kuvuka upana wake bila kugusa chini. Na wenzangu wakiniita Mtoto wa Ziwa bado naitika, ila siku hizi jina hilo nalisikia kama deni ambalo sijamaliza kulilipa.

Ndugu msomaji, huenda na wewe unaelea hapo ulipo, unasoma insha hii ukiwa maktabani au bwenini, ada imelipwa, kitanda kipo. Ukiwa na nafasi jioni hii, mpigie simu aliyekuunda. Mimi nikimaliza kuandika sentensi hii nitampigia wangu, nimwulize upepo wa leo umeamka saa ngapi.